Je, Wajua? Mandharinyuma haikatwi, inakisiwa

Programu inayoondoa mandharinyuma ya picha 300 kwa mkupuo haina mkasi. Rembg, kwa mfano, ambayo ni ya bure, hutumia modeli kama U2-Net ya mwaka 2020: kila pikseli hupewa namba kuanzia 0, yaani ifutwe, hadi 255, yaani ibaki. Ugumu uko katikati ya namba hizo. Unywele mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli, hivyo pikseli moja hubeba rangi ya nywele na ya ukuta kwa pamoja. Ndiyo maana kichwa kilichopigwa picha mbele ya pazia la kijani huweza kubaki na ukingo wa kijani.

Mtu atasema: kwa bidhaa za dukani, nywele zinahusu nini? Kweli, kopo la rangi halina nywele. Lakini sufuria inayong'aa huakisi chumba kizima, na shati jeupe mbele ya ukuta mweupe huweza kupoteza bega. Fundi anayekata kwa mkono akiteleza huharibu picha moja. Mashine huweza kurudia kosa lile lile kwenye folda nzima. Kwa hiyo nafuu huanzia kwenye kupiga picha: kitambaa cha rangi tofauti na kitu, kikae mbali nyuma yake. Kisha hifadhi kwa PNG, maana JPEG haitunzi uwazi.