Msitu Unaogawa Mvua

Huko Rwanda, kati ya ziwa Kivu na mpaka wa Burundi, upo msitu mkubwa wa milimani uitwao Nyungwe. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 1,000. Mtu wa Bukavu akivuka mto Ruzizi na kuifuata barabara ya Huye, hupita katikati yake. Wengi hupita mbio, vioo vya gari vimefungwa kwa ajili ya baridi. Msomaji mpenzi, leo tushuke garini, tutembee kwa miguu.

Kwanza tujitayarishe. Vaa viatu vya nguvu, chukua sweta na koti la mvua, maana kilele cha Bigugu chafika mita 2,950, na ukungu hushuka hata wakati wa kiangazi. Usiingie peke yako; kiongozi wa hifadhi ndiye azijuaye njia. Tena mwenye kikohozi asiende kuwatazama sokwe, kwa kuwa magonjwa yetu huwaambukiza na kuwaua.

Wanaowatafuta sokwe huondoka kabla ya mapambazuko. Sababu ni hii: kila jioni sokwe hujitengenezea kitanda kipya cha matawi juu ya mti, na asubuhi hukiacha. Aliyechelewa hukuta vitanda vitupu. Mbega hawana taabu hiyo. Huko Nyungwe huweza kutembea mamia kwa pamoja, na warukapo, matawi hutikisika kama yamepigwa na dhoruba.

Ufikapo juu mgongoni mwa milima, simama. Mvua inyeshayo upande wa magharibi huishia katika Ruzizi, huingia ziwa Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, hukutana na Lualaba na kuwa mto Kongo. Inyeshayo upande wa mashariki huwa maji ya Nili, yaendayo hata Misri. Matone mawili ya wingu moja, yakianguka hatua chache tu mbalimbali, moja laelekea Atlantiki, la pili Mediterania!

Na msitu ndio unaoyatunza maji hayo. Majani huvunja nguvu ya mvua, udongo huyanywa polepole, na chemchemi huyatoa polepole. Palipokatwa miti, mvua ile ile huteremka kwa fujo na kuchukua udongo wa mashamba. Kisha kiangazi kikija, kijito hukauka.

Lakini iko sauti moja ambayo hutaisikia humo. Nyungwe ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1933, na hata hivyo wawindaji haramu waliingia. Mbogo walikwisha katika miaka ya 1970. Tembo wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999. Hawakwisha kwa siku moja. Alikufa mmoja, watu wakasema wengine wapo. Akafa mwingine, wakasema vile vile, mpaka neno hilo likawa uongo.

Mwaka 2023 UNESCO iliiandika Nyungwe katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima njema, lakini karatasi haitegui mtego. Mtego huteguliwa na mkono wa mtu.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu maswali mawili: mto wetu watoka msitu gani? Na ni mnyama gani mliyemwona ninyi, ambaye sisi hatukumkuta?