Jicho Safi, Uoni Hafifu: Kutafuta Chanzo cha Upofu Usioeleweka Songwe

Uoni unaopungua huku jicho likiwa safi, bila wekundu, tongotongo wala maumivu, huwatesa ndugu wa mgonjwa kwa namna ya pekee, kwa kuwa hakuna wanachoweza kukinyooshea kidole. Mtoto wa jicho huonekana kama weupe ndani ya mboni, na vikope hupindisha kope hadi zikwaruze jicho. Lakini kijana anayeshindwa kusoma ubaoni ilhali macho yake yanang'aa huambiwa anajisingizia, hununuliwa miwani isiyopimwa, au hupelekwa kwa mganga, na muda ambao tiba ingefaa hupita. Kwa familia za Tunduma na sehemu nyingine za Mkoa wa Songwe, swali la kwanza ni kama kasoro iko mbele ya jicho, kwenye lenzi inayokusanya mwanga, au iko nyuma, kwenye retina, yaani utando unaoupokea mwanga huo, na kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za picha kwenye ubongo.

Jibu la awali hupatikana kwa kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa tundu la milimita 1 hivi. Mgonjwa hufunika jicho moja, husoma chati ya herufi akiwa umbali wa mita 6, kisha hurudia akichungulia kupitia tundu hilo. Herufi zikiwa wazi zaidi, kwa kawaida tatizo ni la miwani, kwa sababu tundu huruhusu miale inayoingia moja kwa moja tu, isiyohitaji kupindwa na lenzi. Zisipobadilika, jicho linahitaji kuchunguzwa kwa ndani. Baada ya hapo hupimwa rangi, kwa kuwa mshipa wa fahamu unapoumia, wekundu huanza kupauka mapema, wakati mwingine kabla mgonjwa hajalalamika kwamba haoni.

Tanzania ina tukio lake la kufundishia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1988, madaktari wa macho jijini Dar es Salaam walianza kupokea vijana waliopoteza uoni wa katikati kwa macho yote mawili, bila maumivu, kiasi cha kushindwa kusoma na kutofautisha rangi ingawa waliweza kutembea bila kujigonga. Baadhi yao walikuwa pia na ganzi au maumivu ya miguu, na wengine walipungukiwa na usikivu. Uchunguzi ulionyesha kwamba zilizokufa ni nyuzi nyembamba za mshipa wa fahamu zinazotoka kwenye kitovu cha retina, ambazo huhitaji nishati nyingi na hivyo hutangulia kuathirika mwili ukikosa lishe au ukipata sumu. Watafiti walichunguza upungufu wa vitamini za kundi B, na pia moshi wa kupikia ndani ya nyumba, lakini hakuna sababu moja iliyothibitika kuwa chanzo cha wagonjwa wote. Nchini Cuba, ambako maradhi yanayofanana na hayo yaliwapata watu zaidi ya 50,000 kati ya mwaka 1991 na 1993, mlipuko ulipungua baada ya wananchi wote kugawiwa vitamini. Familia inayoambiwa kwamba chanzo hakijajulikana haijadanganywa wala kupuuzwa. Inachostahili kudai ni kwamba kila chanzo kinachotibika kiwe kimetafutwa kwanza.

Katika Songwe vyanzo hivyo hutegemea sana maisha ya mgonjwa. Anayetumia dawa za kifua kikuu aulizwe kuhusu ethambutoli, ambayo inaweza kuudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na mara nyingi uoni hurejea ikisimamishwa mapema, ingawa uamuzi huo ni wa kliniki na si wa mgonjwa. Aliyepofuka ghafla baada ya kunywa pombe haramu huenda amekunywa methanoli, na hiyo ni dharura ya saa chache. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Wilaya ya Songwe aliyezoea kuchoma zebaki anaweza kupoteza uoni wa pembeni, kinyume kabisa na wagonjwa wa Dar es Salaam, huku mkazi wa Ileje akipaswa kufikiriwa pia usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito inayokwenda kasi. Kisukari na presha ya macho haviachwi kwa mtu yeyote, kwa kuwa huharibu kimyakimya.

Ndiyo maana maelezo ya ndugu wa karibu huweza kumwonyesha daktari njia kuliko mashine: uoni ulianza kupungua lini, katikati au pembeni, na mgonjwa anakula nini, anafanya kazi gani na anameza dawa zipi, pakiti zenyewe zikiwa mkononi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Vwawa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma kwa barabara ya TANZAM. Mgonjwa ambaye karatasi yenye tundu haikumsaidia asirudishwe nyumbani na miwani peke yake. Ndugu zake waombe apanuliwe mboni kwa dawa ya matone na mshipa wa fahamu utazamwe, na mtoto mwenye weupe ndani ya mboni apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni saratani ya jicho.