Ng'ombe na Mstari wa Ramani

"Mjomba, mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa na nani?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Watu wazima wengi hawaliulizi. Sogea karibu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakagawana nchi hizi. Walichora mstari kutoka mto Umba, kule pwani, hadi Ziwa Viktoria. Ulinyooka, ukapinda Kilimanjaro, ukanyooka tena. Mlima ukabaki kwa Wajerumani.

"Si Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaizari wa Ujerumani?"

Wengi husimulia hivyo, lakini si kweli. Mjukuu huyo alipata ukaizari mwaka 1888, na mstari ulikuwa umeshachorwa.

Wachagga waliulizwa? Hawakuulizwa. Wakuria? Hawakuulizwa. Na Wamaasai, ambao malisho yao yalikatwa katikati? Hawakuulizwa.

Hebu fikiria wageni wawili waingie uani kwenu na chaki. Wapige mstari: jiko huku, kisima kule. Kisha waondoke. Sasa bibi yako akitaka maji ya kupikia, aombe ruhusa!

Tumsikilize ng'ombe mmoja wa Kimaasai. "Tazameni sikio langu," anasema. "Limekatwa alama, kila mtu hapa anajua mwenyewe wangu ni nani. Mvua ikinyesha kusini, nakwenda kusini. Ikinyesha kaskazini, nakwenda kaskazini. Nyasi za kusini na za kaskazini zina ladha moja. Huo mstari uko wapi?"

Maskini ng'ombe! Mwaka 2017 wenzake zaidi ya 1,300 kutoka Kenya walivuka kutafuta malisho. Serikali ya Tanzania iliwakamata ikawapiga mnada. Sheria ilifuatwa, najua. Lakini mfugaji aliyerudi nyumbani na fimbo tupu, watoto wake walikunywa nini jioni ile? Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

"Mjomba, wanaanthropolojia wanasemaje?"

Kumbe unawajua! Hao huenda kuishi na watu, wakawauliza taratibu: nani kamwoa nani? Ng'ombe huyu ulipewa na nani? Kwa Wamaasai wameona kwamba makundi yao yako pande zote mbili za mstari: Wakisongo wako Longido, Tanzania, na wako Loitokitok, Kenya; Waloita wako Loliondo, Tanzania, na wako Narok, Kenya. Rafiki humpa rafiki ng'ombe, ili ukame ukipiga huku, mbegu ibaki kule. Ramani ya 1886 haikuonyesha hata kimoja kati ya hivyo.

"Basi kwa nini mstari usifutwe?"

Mwaka 1964, kule Cairo, viongozi wa Afrika waliamua mipaka ibaki ilivyo. Waliogopa vita, na hofu yao ilikuwa ya haki. Mimi nasema ibaki, ila mfugaji aliyechanja mifugo yake apewe njia ya kupita wakati wa ukame. Na siku ya kupanga njia hiyo, wazee wa Longido na wa Kajiado, upande wa Kenya, waketi mezani, pamoja na akina mama wanaokamua.

Haya, swali lingine?