Joto na Halijoto: Somo Kutoka Ziwa Kivu

Neno moja linatusumbua sana darasani: joto. Katika mazungumzo tunasema "leo kuna joto la nyuzi 25", tukimaanisha kipimo kinachosomwa kwenye themometa. Mwanafizikia huita kipimo hicho halijoto. Kwake yeye, joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye kitu chenye halijoto ya chini. Mwanafunzi anayeyachanganya maneno haya hawezi kufika mbali katika themodinamiki.

Mfano tunaoupenda uko Gisenyi. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kinahitaji mvuke mwingi wa kuchemshia maji ya kimea. Kuanzia mwaka 1963, kwa miongo kadhaa, boila zake zilipata gesi ya methani kutoka vilindi vya Ziwa Kivu, kupitia mtambo mdogo wa Rasi ya Rubona.

Lakini kwa nini gesi, ilhali ziwa lenyewe limejaa joto? Maji ya chini kabisa yana nyuzi 26 hivi, nayo ni mengi mno. Tatizo ni kwamba maji ya juu yana nyuzi 24 hivi. Kwa tofauti ya nyuzi 2 tu, hata mashine kamilifu isingegeuza asilimia 1 ya joto hilo kuwa kazi; kuchemsha sufuria ndiyo kabisa haiwezekani. Mwali wa methani, kwa upande wake, unapita nyuzi 1,000. Nishati yote hupimwa kwa juli, ila ubora wake haulingani. Ndiyo maana tunapendekeza istilahi "ubora wa nishati".

Namna ya kuitoa gesi inafurahisha. Bomba hushushwa vilindini, na pampu huanzisha safari ya maji. Yakipanda, shinikizo hupungua, gesi hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo huyavuta maji mengine juu bila pampu. Kisha gesi husafishwa kwa maji, kwa kuwa kaboni dioksidi huyeyuka humo kwa urahisi kuliko methani.

Huko Karongi, mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, huzalisha umeme wa megawati 26 kwa injini za gesi. Injini za aina hii hugeuza takriban asilimia 40 ya nishati ya gesi kuwa umeme. Wanafunzi huandika kwamba iliyobaki "imepotea". Hapo tunapiga mstari mwekundu: haikupotea, imeshuka ubora, ikatoka na moshi na maji ya kupoozea. Kiwanda kikiwa jirani, joto hilo lingeweza kutumika kuoshea chupa.

Tumeandika "shinikizo", lakini vitabu vingi vya fizikia vya Tanzania husema "kanieneo". Nchini Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, walimu wangefaa kuchagua moja mapema. Sisi tunaelekea kwenye kanieneo, maana shinikizo lina kazi nyingine hospitalini na katika siasa.