Kodi ya miezi sita na kifua cha mtoto

Dalali alitupitisha vyumba vitano asubuhi moja, na katika vyote swali lake lilikuwa lile lile: mnalipa miezi mingapi? Dada yangu alikuwa amembeba mwanawe mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili ambaye kwa muda mrefu alikuwa hamalizi wiki bila kukohoa. Yeye alitaka kujua dirisha linafungukia wapi.

“Dirisha si hilo hapo?” dalali akajibu. Lilikuwepo kweli. Ukilifungua unakutana na ukuta wa nyumba ya jirani, na nafasi iliyobaki katikati haipitishi hata ndoo.

Hiyo ilikuwa Mabawa, mjini Tanga, Oktoba mwaka jana. Chumba kimoja, choo cha uani kwa wapangaji wa vyumba sita, Sh50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye alitaka mwezi mmoja wake. Jumla Sh350,000 kabla hujaingiza kitanda. Na hapo sijahesabu Sh10,000 ambayo dalali alishachukua asubuhi “ya usumbufu” wa kutuonyesha.

Mimi naandika habari za afya, si za nyumba. Lakini kila nikikaa kliniki ya watoto, mazungumzo huishia kwenye nyumba. Muuguzi anauliza mtoto analala wapi, mnapikia wapi, mko wangapi chumbani. Mama anajibu, kisha anaongeza kwa sauti ya chini kwamba kodi yao inaisha mwezi ujao.

Wazee walizoea kusema Tanga waja leo waondoka leo. Siku hizi wanaokuja hawaondoki. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ile ya 2022 ikahesabu 393,429. Hao ni watu 120,000 zaidi ndani ya miaka 10, na wote wanahitaji mahali pa kulala. Bandari imechimbwa na kujengewa gati lenye kina cha kupokea meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, kilomita 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017. Kazi hizi zimeleta mafundi, madereva, mama lishe na vijana wa vibarua. Mtu wa kampuni anayelipiwa nyumba na mwajiri hasumbuki kutoa mwaka mzima mara moja. Mwenye nyumba akishampata mpangaji wa namna hiyo mara moja, haoni sababu ya kumsikiliza mama anayetaka kulipa mwezi kwa mwezi.

Nyumba zenyewe hazijaongezeka kwa kasi hiyo. Ngamiani, mji uliopangwa kwa barabara za namba tangu enzi za Wajerumani, bado unategemea nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani choo, bafu na jiko. Ilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Leo kila mlango ni kaya yake, na korido ambayo zamani ilipitisha upepo kutoka mlango wa mbele hadi uani imejaa majiko, madumu ya maji na pikipiki. Nyumba mpya zinazojengwa pembeni ya mji, Kange na kwingineko, nyingi ni za chumba chenye choo ndani, kile tunachokiita masta. Ni kizuri, ila ni cha mtu mmoja mwenye mshahara. Familia yenye watoto watatu haitoshi humo, na bei yake nayo hawaiwezi.

Kuhusu huu mkupuo, wasomaji huniuliza kama ni sheria. Si sheria. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyompa mpangaji mahali pa kulalamikia kiwango cha kodi. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango na idadi ya miezi ni makubaliano ya watu wawili, na kwa kuwa mmoja ana chumba na mwingine ana mtoto mgongoni, makubaliano hayo unajua yanakwendaje. Ukivuka mpaka hapo Horohoro na kufika Mombasa, utakuta watu wanalipa mwezi kwa mwezi, na mwanzoni wanaweka amana ya mwezi mmoja au zaidi. Ni watu wa pwani ile ile.

Kuna jambo dogo wapangaji wengi hawalijui. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni Sh1,500, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Kama wewe ndiye unayenunua umeme, una haki ya kumwomba aipunguze kwenye pango. Andikeni kwenye mkataba, kama mnao. Kama hamna, hata karatasi ya daftari yenye tarehe, kiasi na sahihi zenu wawili, ikishuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa, itakusaidia siku ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba kuliko maneno matupu.

Chumba kinavyoingia kifuani

Niseme sasa yale ninayoyajua vizuri zaidi. Nimonia, au homa ya mapafu, ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi chini ya miaka mitano duniani. Vijidudu vyake husambaa kwa kikohozi na chafya, na vinapenda mahali ambapo watu wengi wanalala kwenye hewa moja. Kifua kikuu vivyo hivyo. Moshi wa mkaa na kuni ndani ya nyumba unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Mvua ikinyesha, mama mwenye chumba kimoja atapikia wapi? Koridoni, au mlangoni kwake. Na usiku wa baridi asiingize jiko lenye makaa chumbani eti lipashe joto: ile hewa isiyo na harufu inayotoka kwenye mkaa inaua familia nzima usingizini.

Kwa hiyo unapokwenda kutazama chumba, nenda mchana, funga mlango, kisha simama dakika tano. Ukianza kutoka jasho, na ukuta una weupe wa unyevu chini, mwanao atalala humo saa kumi kila siku. Dirisha moja linalofunguka nje kweli ni bora kuliko dari ya jipsamu. Madirisha mawili yanayotazamana ni bahati. Yachukue hata kama rangi imebanduka. Uliza choo kinatumiwa na kaya ngapi, na nani anakisafisha. Uliza maji yanatoka siku zipi. Tanga maji hutoka bwawa la Mabayani, na mamlaka yetu ya maji ilikopa Sh53.12 bilioni kwa hatifungani ya kijani mwaka 2024 ili kuongeza huduma, lakini bomba lililoko mtaani si sawa na bomba lililoko uani kwako. Tazama pia kama dirisha lina wavu wa mbu. Chandarua unapewa kliniki ukiwa mjamzito, na tena mtoto anapochanjwa surua. Wavu wa dirishani ni jambo la kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoa hela, kwa sababu ukishatoa hela hakusikii.

Nikiri kwamba ushauri huu ni rahisi kuutoa. Mwenye Sh350,000 mkononi huchagua. Aliyekopa kikobani kuzipata huchukua kinachofunguliwa mlango.

Tongoni

Dada yangu hakukichukua chumba cha Mabawa. Alipata vyumba viwili Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani, Sh40,000 vyote viwili, kodi ya miezi mitatu. Tongoni wengi tunaijua kwa ziara za shule: msikiti wa kale na makaburi yake ya nguzo, na mwalimu akitusimulia kuwa Vasco da Gama alipita pale mwaka 1498. Jina lenyewe ni la mahame. Sasa kuna matofali kila kona, maana lami imefanya mahali palipokuwa mbali paonekane karibu.

Anapikia nje, chini ya mwembe. Madirisha yanapitisha upepo wa bahari. Kikohozi cha mtoto kilipungua, kisha kikaisha. Nauli ya shemeji yangu kwenda kwenye kibarua bandarini na kurudi inakula zaidi ya walichookoa kwenye pango, lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu nyumba ilikuwa na usingizi.

Machi, mvua za masika zimeanza, mtoto alipata mafua. Usiku wa pili, saa nane, dada alinipigia akisema anapumua haraka. Nilimwambia aweke saa ya simu na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Alihesabu 56. Mzazi, kariri namba hizi: mtoto wa miezi miwili hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hiyo si homa ya kusubiri asubuhi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akishtuka degedege, toka hapo hapo.

Bodaboda wa kwanza hakupokea simu. Wa pili alikuja na kanga moja ya mkewe kuwafunika mvua. Mjini ingekuwa dakika kumi. Wao walitumia karibu saa nzima. Mtoto aliwekewa oksijeni, akalala wodini siku nne, akapona.

Niliwahi kudhani hewa nzuri inatosha. Tangu usiku ule, nikiulizwa kuhusu chumba, baada ya dirisha nauliza ukitoka humo saa nane ya usiku, unafikaje hospitali, na nani atakupokelea simu. Dada ameshaandika mlangoni namba za bodaboda watatu, na ya jirani mwenye gari.

Kodi yake inaisha mwisho wa Julai. Mwenye nyumba, mzee mstaarabu kwa kweli, amemwita na kumwambia kuanzia sasa ni Sh60,000, tena miezi sita, maana wenzake wote wameshapandisha tangu barabara ifike. Dada amemwomba alipe mitatu mitatu. Mzee amesema atawauliza wanawe walioko Dar es Salaam.