Kidole Kinapokataliwa na Mashine

Msomaji wetu wa Jinja anauliza: jajja yake (mzazi wa mzazi wake) amepita miaka 80, kitambulisho cha taifa anacho mkononi, lakini akifuata fedha za wazee za mpango wa serikali wa SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, mashine inakikataa kidole chake. Je, kompyuta imemsahau?

Haijamsahau. Ncha ya kidole ina matuta membamba ya ngozi. Wengine huyaita mistari. Mimi nashikilia matuta, maana mstari huchorwa, tuta huinuka, na mashine husoma huko kuinuka. Programu hutafuta mahali tuta linapokoma na mahali linapogawanyika mawili, alama ambazo Mwingereza Francis Galton alizieleza kitabuni mwaka 1892. Kila alama huandikwa kwa tarakimu: ilipo na inakoelekea.

Chukua shamba la viazi vitamu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale. Unaandika daftarini: tuta hili linaishia penye mgomba, lile linagawanyika karibu na jiwe. Ukirudi mwakani utalitambua shamba hata ukiingilia upande mwingine, kwa kuwa umbali kati ya alama ni ule ule. Lakini mvua ikipiga miaka na miaka, matuta hulala, mifereji hujaa udongo, na ufa mpya hujifanya mgawanyiko. Shamba ni lile lile. Daftari ndilo limepitwa. Jembe, miwa ya Jinja na uzee hukifanyia kidole vivyo hivyo.

Programu ikishahesabu alama zilizooana, hutoa maksi, kisha huzipima kwa kizingiti, yaani maksi za chini zinazokubalika. Ukikipandisha, tapeli anazuiwa, na wenye haki wengi wanazuiwa pamoja naye. Ukikishusha, wote wawili wanapita. Hakuna kizingiti kisichoumiza mtu. Anayekipanga ni binadamu, na mara nyingi anachokiogopa ni wizi. Gharama ya hofu yake inalipwa na jajja aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 2021 mashirika ya kiraia ya Uganda, ISER na Unwanted Witness, pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York, yalitoa ripoti kuhusu Waganda, hasa wazee na wanawake, wanaofungiwa nje na mfumo wa vitambulisho. Katika uandikishaji ulioanza 2025, NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ilianza kuchukua pia alama za mboni ya jicho. Ni hatua njema, ila macho ya wazee nayo huugua.

Kwa hiyo, waandishi wa programu, ijaribuni kwa vidole vya wakata miwa wa Jinja na wakulima wa kahawa wa Mbale kabla ya kuikabidhi. Na kila mashine inaposema hapana, iwepo njia ya pili iliyoandikwa rasmi: picha, na ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji (LC1) anayemjua mzee huyo. Mfumo usio na njia ya pili haujakamilika, na serikali isiulipie.