Kufundisha Kazi ya Kalsiamu Katika Misuli

Katika mazoezi ya kufundisha huko Choma, mkoani Tabora, mtoto mmoja aliuliza kwa nini mguu wa mbuzi aliyechinjwa asubuhi huwa mgumu kama gogo ifikapo jioni. Mwanachuo, aliyekuwa akifundisha kalsiamu ya mifupa na meno, alimnyamazisha. Kumbe swali lile lilikuwa ndani ya somo.

Ni kweli kwamba asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Lakini ile kidogo iliyobaki ndiyo iamshayo misuli. Ndani ya seli ya msuli mna vifuko viihifadhivyo mithili ya mtama kihengeni. Amri ya neva ifikapo, milango ya vifuko hufunguka, kalsiamu humwagika kati ya nyuzi, nazo nyuzi huvutana. Kisha pampu ndogo sana zilizo katika kuta za vifuko huirudisha ndani, na msuli hulegea. Ndivyo ilivyokuwa, hatua kwa hatua, katika miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka Bagamoyo na mizigo.

Pampu hizo hutumia nishati. Mnyama akifa, nishati huisha. Kalsiamu huvuja isirudishwe, na nyuzi zilizoshikana hukosa nguvu ya kuachana. Ndipo mguu hukakamaa.

Mfano wa kihenge wafaa darasani, ila una kasoro moja: mtama huliwa ukaisha, bali kalsiamu hutumwa ikarudi. Mwanachuo aliseme jambo hili mapema, kabla watoto hawajadhani kuwa msuli huila.